Ruan Lingyu Ngamiani: shajara ya mradi wa kusimulia filamu ya kimya

6 Januari

Nafungua daftari. Mradi uliopita ulinifia mikononi na mpaka leo sijui ulianza kuumwa lini, kwa hiyo huu nitaandika kila hatua, hata zile za kunivunjia heshima.

Mradi wenyewe ni huu. Tunachukua filamu ya kimya, ile ambayo watu wanafungua midomo wala husikii neno, tunaionyesha hapa Ngamiani, Tanga, kwenye ukumbi wa Shangazi, na mimi nakaa ubavuni mwa kitambaa na maikrofoni naisimulia kwa Kiswahili. Upande wa pili anakaa Mzee na kinanda chake. Kiingilio shilingi 1,000. Watu wazima tu, sababu itajulikana mbele.

Kusimulia nimekulia humo. Wa rika langu wanakumbuka kanda za Lufufu, yule msimulizi wa filamu, unaangalia picha ya ng'ambo lakini ugomvi wote unaendeshwa kwa Kiswahili cha uswahilini. Nami nimeifanya kazi hiyo miaka sita kwenye kibanda umiza kule Makorora: mabenchi ya mbao, joto la kukaanga, televisheni moja, watu sitini. Nilikuwa natia maneno hata pale ambapo hakuna anayesema. Farasi akipita, naye ana lake. Watu walikuwa wanalipa kwa ajili ya hilo.

Sasa filamu ya kimya si ndiyo shamba lisilo na mwenyewe? Dakika 80 hivi, na hakuna sauti ya kushindana nayo. Nimelala nacheka peke yangu.

9 Januari

Filamu imepatikana. Inaitwa Shennü, imetengenezwa Shanghai mwaka 1934 na kampuni ya Lianhua. Mwongozaji ni Wu Yonggang, kijana wa miaka 27 aliyekuwa mpambaji wa seti, na hii ndiyo filamu yake ya kwanza. Hakuna wa kumwomba ruhusa: Uchina hulinda filamu miaka 50 tangu itoke, na hiyo imepita zamani.

Mwigizaji mkuu ni Ruan Lingyu. Ruan ni jina la ukoo na ndilo linalotangulia. Nimeliandika hapa kwa sababu kwenye rasimu ya tangazo niliandika "Bi Lingyu Ruan", nikarekebishwa.

Shangazi aliuliza kwa nini huyu Mchina na si Charlie Chaplin ambaye kila mtu anamjua. Nikamwonyesha kipande kwenye simu. Mwanamke anawakimbia polisi usiku, anajitosa kwenye chumba cha mtu asiyemjua. Jibaba linamficha, polisi wanaondoka, halafu linamwambia alipe fadhila kwa kulala hapo. Mwanamke anamtazama. Kisha anaketi juu ya meza, anaomba sigara, anaiwasha, anapuliza moshi. Basi. Kwenye ule moshi mna kila kitu: dharau, uchovu, hesabu za mtu anayejua kwamba mlango uko nyuma ya yule jamaa.

Shangazi akarudia kile kipande mara tatu. Akasema, "Haya. Lete huyo."

11 Januari

Mambo ya vifaa. Projekta ya kukodi shilingi 40,000 kwa usiku. Spika zipo ukumbini. Kitambaa cheupe atashona Shangazi mwenyewe. Kinanda cha Mzee kina kitufe kimoja kibovu, anasema kitufe hicho hakihitaji.

Filamu za kimya zina vibao vya maandishi vinavyokatiza picha, ndivyo vinavyobeba maneno ya wahusika. Hapa ni vichache kuliko nilivyofikiri, picha nyingi zinajitegemea. Mwanamke mwenyewe hana jina mahali popote. Kwangu hilo ni tatizo la kazi, maana msimulizi lazima amwite mhusika kitu. Kwenye kibanda tulikuwa tunawabatiza: huyu Juma, huyu Mwanaidi, twende.

15 Januari

Siku nzima imeliwa na neno moja.

Kuna binti wa jirani aliyesoma Kichina Dar, sasa yuko likizo. Nimemwomba anisaidie kulinganisha vibao vya Kichina na tafsiri ya Kiingereza iliyo chini yake. Nilikuwa nimeandika kichwa cha filamu kwa Kiswahili: Mungu wa Kike.

"Anko, hapo umeliacha nusu."

"Nusu ipi, mwanangu?"

Shen ni mungu, nü ni mwanamke, hapo sawa. Lakini mtaani Shanghai enzi hizo shennü lilikuwa pia neno la kumsitiri mwanamke anayejiuza. Mtengenezaji aliyataka yote mawili kwa pamoja, na mtazamaji wa kule aliyasikia yote mawili kwa pamoja. Mimi nimeweka moja mezani na jingine nimelitupa nje.

Tukaanza kutafuta la Kiswahili. Kahaba ni hukumu tupu, halina sitara. Malaya vivyo hivyo. Dada poa lina utani. Changudoa nilikaa nalo muda mrefu kuliko mengine, maana changu ni samaki mtamu wa baharini, na doa nalo kila mtu anajua doa ni nini. Waliompachika mwanamke jina hilo walikuwa na akili ya kishairi na roho mbaya. Lina pande mbili kama la Kichina, ila zote zinaelekea chini. Lile la Shanghai upande mmoja unapaa mbinguni.

Tumeafikiana kubaki na Shennü, na mimi nitalieleza kwa sentensi mbili kabla taa hazijazimwa. Yule mwanamke nitamwita "mama" tu. Ndicho cheo anachokitaka yeye mwenyewe kwenye hadithi.

18 Januari

Nasoma habari za maisha yake. Nilidhani kazi hii itachukua jioni moja, nipate maneno mawili matatu ya utangulizi.

Amezaliwa Shanghai, 26 Aprili 1910, familia ya Kikantoni kutoka Guangdong. Baba kibarua wa kampuni ya mafuta, akafariki mtoto akiwa bado mdogo sana. Mama akaingia kwenye nyumba za watu kufanya kazi za ndani, na kutokana na jasho hilo akamsomesha binti yake shule ya wasichana. Nyumba mojawapo ilikuwa ya ukoo wa Zhang, watu wenye nazo. Mtoto wa kiume wa mwisho wa nyumba hiyo, Zhang Damin, akampenda binti wa mtumishi. Binti ana miaka 16. Wakaanza kuishi pamoja, ndoa rasmi haikufungwa. Jamaa akaja kuwa mcheza kamari.

Nilipofika hapo nikaweka simu chini. Kwenye filamu, lile jibaba linalomng'ang'ania mama, Bosi, kazi yake nini? Kamari. Pesa anazozificha mama ukutani kwa ajili ya ada ya mtoto, nani anaziiba? Ruan aliigiza haya akiwa na miaka 24, wakati huo huo akimlipa Zhang Damin fedha kila mwezi ili amwache kwa amani.

Sitaki kusema aliigiza maisha yake. Alikuwa fundi, na fundi hahitaji kuumwa ndipo aigize mgonjwa. Lakini Mzee, nilipomsimulia, alitikisa kichwa akasema, "Huyo hakutafuta mbali."

22 Januari

Orodha ya kazi zake, kwa ufupi maana nina usingizi.

1926 aliomba kazi kampuni ya Mingxing, akapewa na mwongozaji Bu Wancang, na filamu yake ya kwanza ikatoka 1927. Miaka ya mwanzo aliwekwa kwenye majukumu ya mwanamke mshenzi mshenzi, mapambo mengi na akili kidogo. Kupanda kulikuja na Lianhua, kuanzia 1930, alipokutana na waongozaji kama Sun Yu. Kwa jumla alicheza filamu zinazokaribia 30 ndani ya miaka tisa. Nyingi zimepotea. Filamu za zama zile zilichapwa kwenye utepe unaowaka kama petroli, halafu Shanghai ikapita kwenye vita, nani angekuwa na nafasi ya kutunza mikebe ya picha?

Moja inanifurahisha. Mwaka 1931 alicheza Mapenzi na Wajibu (natafsiri mimi), humo anaanza msichana wa shule anamalizia kikongwe mshona nguo, na juu ya hayo anaigiza pia binti wa huyo kikongwe alipokuwa mkubwa. Filamu ilihesabiwa imekufa kwa miongo mingi. Kumbe nakala ilikuwa Uruguay. Uruguay! Ikapatikana miaka ya 1990 ikarudishwa Asia, Taipei.

24 Januari

Mzee kachungulia kalenda kwenye ukuta wa duka la dawa. 8 Machi imo ndani ya Ramadhani.

Shangazi alikuwa ameitaka hiyo tarehe kwa onyesho letu kwa sababu ni Siku ya Wanawake Duniani. Hakuna aliyekumbuka. Watu watatu wazima, wote wafungaji, wote wa Tanga hii hii.

Usiku nikasoma mbele zaidi, nikagundua kwamba 8 Machi ndiyo siku aliyofariki Ruan, 1935. Alijitoa uhai, miaka 24, mwezi mmoja na nusu kabla ya kutimiza 25. Sikumwambia Shangazi papo hapo. Nilijua atasema nini.

25 Januari

Nimemwambia. Alisema nilichojua atasema: "Sasa hiyo si ndiyo ya kuandika kwenye tangazo? Mwigizaji aliyejiua Siku ya Wanawake! Watu watajaa mpaka kwenye madirisha."

Sijamjibu. Namheshimu, ukumbi ni wake, na kwa biashara hajakosea. Nimemwomba anipe siku tatu nimalize kusoma.

28 Januari

Siku tatu zimekwisha, naandika yote hapa nisije nikayasahau.

Februari 1934 mwigizaji na mwandishi mmoja wa Shanghai, Ai Xia, alijiua. Magazeti yalimchambua kama samaki. Mwongozaji Cai Chusheng akatengeneza filamu kutokana na kisa hicho, Wanawake Wapya, na mhusika akampa Ruan: mwalimu anayeandika vitabu, ana mtoto mgonjwa, hana pesa, na mwandishi wa habari anayemtaka anamchafua magazetini. Mwisho, kitandani hospitalini, yule mwanamke anataka kuishi, na maandishi ya kilio chake yanakua makubwa kwenye kitambaa.

Filamu ikatoka mapema 1935. Waandishi wa habari wa Shanghai wakakasirika kwa kuonyeshwa vile, chama chao kikadai vipande vikatwe na kampuni iombe radhi. Kampuni ikakata. Lakini hasira ilihitaji mahali pa kushukia, na mahali hapo palikuwa tayari: Ruan alikuwa sasa anaishi na mfanyabiashara wa chai, Tang Jishan, na Zhang Damin alikuwa amewapeleka mahakamani. Kesi ya mwanamke maarufu na wanaume wawili! Sisi tunaojua magazeti ya udaku hatuhitaji kusimuliwa yaliyofuata. Kila siku ukurasa. Kesi ilikuwa isikilizwe tarehe 9 Machi. Hakufika.

Kisha zikachapwa barua zilizosemwa ni zake, na ndani yake maneno manne ya Kichina ambayo binti wa jirani aliyasoma bila hata kutazama: ren yan ke wei. "Maneno ya watu ni ya kuogopwa," alitafsiri. Kule ni kama methali. Wapo watafiti wanaoamini barua hizo hazikuandikwa kwa mkono wake, kwamba Tang alizitengeneza ili lawama imwepuke. Yaani hata maneno yake ya mwisho huenda ametiliwa na mtu mwingine.

Mwezi Mei mwaka huo Lu Xun, mwandishi wao mkubwa, akachukua maneno hayo manne akayafanya kichwa cha makala. Hoja yake naiweka kwa lugha yangu: gazeti mbele ya mwenye nguvu ni dhaifu, lakini mbele ya asiye na nguvu lina nguvu za kutosha, na Ruan alikuwa anajulikana na kila mtu bila kuwa na nguvu yoyote, chakula kizuri kabisa.

Nimempelekea Shangazi muhtasari. Alisoma amesimama, mikono ina unga, alikuwa anakanda chapati. Akarudisha karatasi. "Basi andika jina lake tu, na kwamba ni filamu ya mama na mwanawe." Tarehe mpya: 26 Aprili. Ni siku ya Muungano, hakuna kazi, Ramadhani na sikukuu zimepita. Kwamba ndiyo siku aliyozaliwa nililiona baada ya kukubaliana. Nimelikubali kama zawadi.

2 Februari

Maandiko ya usimulizi yamekamilika, kurasa 41. Nimejaza kila sekunde. Bosi nimempa sauti ya konda wa daladala. Majirani nimewapa umbea wa Ngamiani, wa bombani, ule wenye mafumbo. Nimejaribu mbele ya kioo, nimejipenda.

Mzee amesikia theluthi moja, akauliza, "Na mimi napiga wapi?"

7 Februari

Onyesho la majaribio. Watu 14, wengi ndugu na majirani, ukuta wa uani kwa Shangazi.

Nusu ya kwanza ilikwenda kwa kishindo. Bosi wa daladala aliwavunja mbavu. Pale kwenye sigara niliingiza fumbo zuri sana na mtu mmoja alipiga makofi.

Halafu tukafika shuleni. Niieleze vizuri hii. Mama amefanikiwa kumwingiza mwanawe shule. Mtoto anarudi nyumbani anamfundisha mama mazoezi ya viungo aliyofundishwa, wote wawili wananyoosha mikono chumbani, ndiyo furaha kubwa kuliko zote katika filamu nzima. Inakuja siku ya tamasha la shule. Mtoto yuko jukwaani anaimba. Mama amekaa kati ya wazazi wengine, anang'aa. Na nyuma yake mzazi mmoja anamnong'oneza mwenzake, yule anamnong'oneza wa pili, maneno yanasafiri kutoka kiti hadi kiti, macho yanamgeukia, yeye hana habari, anamtazama mwanawe.

Hapo ndipo nilipokuwa nimeweka umbea wangu bora kuliko wote. Sauti tano tofauti. Na watu walicheka, jamani, walicheka mpaka mtu akamwaga chai.

Nami nikawa natazama kitambaani, nikamwona yule mama anatabasamu mbele ya kicheko kile.

Bibi mmoja, jirani wa Shangazi, alikuwa kwenye mkeka wa mbele. Hakugeuka. Alisema tu, "Baba, hebu nyamaza kidogo. Tunamwona."

Nikanyamaza. Mzee naye akaacha kupiga, sijui kwa heshima ya bibi au kwa kushtuka. Tukaenda hivyo dakika nne tano, ikasikika feni tu. Mwalimu mkuu anakuja nyumbani kuuliza, mama anakiri, kisha anamwambia kwamba hata kama yeye ameharibikiwa, je, hana haki kama mama kumlea mwanawe awe mtu mwema? Hicho kibao ilibidi nikisome. Nilikisoma vibaya, sauti ilikuwa imekauka.

8 Februari

Sijaandika neno. Nimechapa upya namba za kurasa, basi, ionekane nimefanya kazi.

12 Februari

Nafuta. Kanuni niliyojiwekea: nasoma vibao vyote, naongeza tu lile ambalo mtu wa Tanga hawezi kulijua kwa kutazama. Kwa mfano, kwa nini polisi wanawafukuza wanawake wale usiku. Kwa nini hati ya kufukuzwa shule inasomwa kama hati ya kifo: shule ndiyo ngazi pekee aliyoiona. Vingine vyote, uso wake unasema.

Wu Yonggang alisema kufanya kazi na Ruan ni kama kuwa na utepe wa picha unaoshika mwanga upesi. Unamwelekeza kidogo tu, kimeshaingia. Nimetazama tena kwa jicho hilo, bila sauti yoyote, hata kinanda. Mikono yake! Mama akirudi alfajiri mikono inaning'inia kama nguo iliyoloa. Akimshika mtoto, mikono hiyo hiyo ina mifupa. Nilikuwa nimezifunika sekunde zote hizo kwa mzaha wa daladala.

Kuna jambo jingine nimelisoma linalonikaa kichwani. Filamu ya kwanza ya Kichina yenye sauti ilitoka 1931, Hu Die ndiye aliyeigiza. Mwaka 1934 Shanghai bado ilitengeneza za kimya kwa sababu mitambo ya sauti ilikuwa ghali. Na sauti ilipokuwa inakuja ilikuja na Kimandarini, wakati Ruan nyumbani kwao ni Kikantoni. Watu wa bara na pwani mnajua mzigo wa lafudhi. Hatukupata kumwona akijaribu.

16 Februari

Kurasa 41 zimekuwa 17. Bosi amepoteza daladala yake. Imeniuma, ile sauti ilikuwa nzuri.

Tunapumzika mpaka baada ya Idi.

30 Machi

Mzee na mimi tumekutana mara nne. Yeye ni mtu wa taarabu ya zamani, Tanga ya vikundi vya Black Star na Lucky Star, na kila akiona mwanamke analia mikono yake inakwenda kwenye wimbo anaoujua. Nimemwomba asipige wimbo wowote ambao watu wana maneno yake kichwani, maana wataimba. Tumekubaliana: sauti tatu tu za chini kwa mitaa ya usiku, mwendo wa mzaha kidogo kwa mazoezi ya viungo, na kwenye tamasha la shule hakuna kitu. Hakuna mimi, hakuna yeye.

"Dakika ngapi?" akauliza.

"Kama mbili na nusu."

"Watadhani spika zimekufa."

Inawezekana. Nitalitaja kabla ya kuanza.

6 Aprili

Mwendo wa picha. Nakala niliyokuwa nayo mwanzo ilikuwa inakwenda mbio, watu wanatembea kama kuku. Za kimya zilipigwa kwa picha chache kwa sekunde kuliko hizi za sauti zenye 24, ukiziendesha kwa mwendo wa sasa kila mtu anakuwa kichekesho. Nimepunguza kwenye programu, nikalinganisha na hatua za mtu wa kawaida anayetembea na mtoto. Imetulia. Nusu ya ucheshi niliousikia mwanzoni, kumbe ulikuwa kosa la mashine.

19 Aprili

Tangazo limebandikwa Barabara ya 12 na stendi. Jina lake, jina la filamu, "mama na mwanawe, Shanghai 1934, kwa Kiswahili". Hakuna neno kuhusu kifo. Kijana mmoja aliuliza kama kuna kung fu.

27 Aprili

Jana.

Watu 83 waliolipa. Wengine madirishani. Projekta ilichelewa nusu saa, umeme ulikatika mara moja na kurudi kabla hatujawasha jenereta. Nilifungua kwa dakika tatu: neno shennü, pande zake mbili, mwanamke aliyezaliwa siku kama ya leo, mwaka 1910, kwamba kutakuwa na mahali ambapo hatutasema kitu na spika ni nzima.

Makosa yangu: nilisoma kibao kimoja kabla hakijatokea. Nilikohoa kwenye maikrofoni. Wakati Bosi anapigwa chupa ukumbi ulilipuka kwa shangwe kama fainali ya kombe, sikutegemea, nikapoteza vibao viwili vya mahakamani. Hukumu ya mama, miaka 12 kwa kumuua Bosi, niliitamka watu bado wanashangilia, ikabidi niirudie. Mara ya pili ilisikika.

Tamasha la shule: mtu mmoja nyuma alipaza sauti, "Sauti!" Wakamnyamazisha. Baada ya hapo kwenye zile dakika mbili na nusu nilisikia kitu ambacho miaka sita ya Makorora sikukisikia, viti. Watu wanavyojisogeza kwenye viti. Mwanamke mmoja alisema taratibu, si kwa mtu yeyote, "Wanamsema." Aliona mwenyewe.

Mwisho mwalimu mkuu anamtembelea gerezani, anamwahidi kumlea mtoto, naye anamwomba amwambie mtoto kwamba mama yake amekufa. Nilikisoma na kuzima maikrofoni kabisa, nikaiweka sakafuni. Mzee alimaliza peke yake na zile sauti zake tatu za chini.

Yule bibi wa mkeka alikuja kuniaga. Nilimwamkia, akaitikia, akanishika mkono, akauliza, "Mwanawe alikuja kujua?" Nikamwambia filamu haisemi. Akasema haifai. Ataniuliza tena, najua.

Mapato 83,000. Projekta 40,000, mafuta ya jenereta ambayo hatukuyatumia 12,000, matangazo 9,000, chai na maandazi 6,500. Zilizobaki 15,500 tumegawana na Mzee baada ya Shangazi kukataa lake. Binti wa jirani hakutaka pesa, anataka tufanye ile ya kikongwe na binti yake iliyopatikana Uruguay. Ni ndefu, karibu mara mbili ya hii. Nimesema tutaona.

3 Mei

Pangani wameuliza. Ukumbi upo, viti vipo, umeme wa mashaka, kwa hiyo jenereta itawaka tangu mwanzo mpaka mwisho. Tatizo ni mngurumo wake kwenye zile dakika mbili na nusu. Mzee anasema tuizungushie magunia ya mchanga. Fundi anasema magunia yataipandisha joto, bora waya mrefu na jenereta ikae nyuma ya ukuta wa jirani. Mita 60 za waya. Nimeulizia bei maduka mawili, la tatu kesho asubuhi.